Inspekta Tornefalk Anatufungia Shule

Skarvhult, mwezi wa Juni

Kwa Mhariri wa vitabu vya Inspekta Tornefalk,
Stockholm

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa hai, bahati ambayo wakazi wa Skarvhult hatupewi mara nyingi katika vitabu vyako. Mimi ni Valfrid Ahlgrund, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya hapa. Nafahamu kwamba siku hizi nchini kwetu kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata waziri. Hata hivyo nitakuita Mheshimiwa, kwa kuwa nimekuja na malalamiko, na malalamiko yasiyo na adabu hayastahili stempu.

Naandika kumhusu mtumishi wako, Inspekta Hjalmar Tornefalk. Najua hayupo. Hiyo ndiyo shida yenyewe: mtu asiyekuwapo hawezi kuitwa ofisini akaonywa. Kwa hiyo nakuomba wewe umstaafishe kabla ya mwezi wa Agosti, kwa sababu zifuatazo.

1. Vifo. Katika vitabu tisa Inspekta ameokota maiti thelathini na moja katika kijiji ambacho, hata ukiwahesabu wakazi wa nyumba ya wazee, hakifikishi watu mia mbili. Wachungaji peke yao wameuawa watatu. Mchungaji wetu wa kweli, mwanamke mpole anayefuga nyuki, huulizwa na watalii kila kiangazi kama haogopi. Uhalifu wa mwisho uliotokea hapa ulikuwa wizi wa injini ya mashua ya jirani yangu, Birger Sandelin. Injini ilirudishwa ikiwa imesafishwa, na petroli imeongezwa. Polisi tunaye mmoja. Huja siku ya Alhamisi kutoka mjini, hunywa kahawa kwa Birger, akarudi alikotoka. Sijapata kumsikia akisema, "Kuna kitu hakiniingii akilini," akitazama bahari.

2. Hali ya hewa. Vitabuni, mvua huanza kunyesha Skarvhult katika ukurasa wa kwanza na haikatiki mpaka muuaji akamatwe. Watu wa filamu walipofika Julai iliyopita walikuta jua kali, wakachukizwa. Walikodi gari la zimamoto ili litunyeshee. Walituomba tuondoe maua madirishani kwa sababu yalionekana yana furaha. Kisha wakataka kupaka rangi ya kijivu kibanda chekundu cha Birger cha kuwekea mashua.

"Wekundu huu unachangamsha mno," alisema msimamizi wao.

"Unachangamsha tangu enzi za babu yangu," alijibu Birger, "na bado hakuna aliyekufa kwa uchangamfu."

Wakapaka.

3. Mwenendo wa Inspekta mwenyewe. Hulala garini. Hula samaki wa kopo kwa kidole. Humpigia binti yake simu mara moja katika kila kitabu, na binti hukata. Simkatazi mtu kuwa na huzuni, Mheshimiwa. Sisi ni watu wa kaskazini na huzuni tunayo ya kutosha, lakini huitunza ndani ya nyumba, hatuizungushi kijijini kwa gari la serikali.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hayo mengine ningeyavumilia hadi kaburini, nikiamini Inspekta angenikuta huko.

Halmashauri imeamua kwamba shule yenye wanafunzi pungufu ya kumi na wanne itafungwa msimu wa vuli. Watoto watapelekwa mjini kwa basi, karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na wakati wa baridi safari zote mbili ni gizani. Sisi tunao kumi na mmoja. Kwa hiyo familia ya Brolin ilipokuja kutoka Malmö kuitazama nyumba ya marehemu Gerda, mume, mke na watoto watatu, kijiji kizima kilijizuia kwa shida kisipige makofi.

Siku ya kuonyesha nyumba nusu ya waliofika hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wasomaji wako. Walivaa vifuko vya buluu juu ya viatu, kama adabu inavyotaka, kisha wakapekua vyumba wakitafuta damu. Mama mmoja alipiga magoti mlangoni pa ghala la chini.

"Hapa ndipo alipoburutwa, sivyo?"

"Hapa ndipo Gerda alipoweka viazi," nilimjibu.

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema, akapiga picha.

Bwana na Bibi Brolin waliyaona hayo, wakatabasamu tu. Basi dada yangu Asta, aliyepika chakula cha shule maisha yake yote ya kazi, akawaalika kahawa. Unajua kawaida yetu: mgeni wa heshima huandaliwa aina saba za biskuti. Sita ni ubahili. Nane ni majivuno, na majivuno kwetu ni kosa kubwa kuliko ubahili. Asta, kwa kuipenda mno shule ile, aliandaa nane.

"Asta," nilimnong'oneza jikoni, "hizi ni nane."

"Kaka, wana watoto watatu. Waache wachague."

Tukaketi. Nikamwona Jonatan Brolin akichezesha midomo huku macho yakiruka kutoka sahani hadi sahani. Akaweka kikombe chini.

"Ylva," alimwambia mkewe. "Nane."

Mkewe akatema biskuti ya lozi kwenye kitambaa cha karatasi. Maana katika kitabu cha nne, kama unavyojua wewe uliyekiruhusu kitoke, mjane aliyewatilia sumu wanakwaya wa kanisa hutambuliwa na Inspekta kwa jambo moja tu: aliweka mezani aina nane.

"Mama, sumu iko kwenye ya lozi au ya tangawizi?" aliuliza Tuva, mtoto wa kati.

"Usiguse kitu, Tuva."

"Kula, mwanangu," alisema Asta, "humo mna siagi na sukari tu."

"Hata yule mjane alisema hivyohivyo!" Tuva akapiga kelele.

Waliondoka kwa heshima kubwa. Walishukuru kwa kahawa, walisifu mapazia, na gari lao liliwashwa kabla mlango wetu haujafungwa. Asta alibaki ameikodolea macho meza. "Nimeifunga shule kwa mikono yangu," alisema. Nilimwambia kwamba mikono haikuwa yake. Ilikuwa ya Tornefalk.

5. Kutokana na hayo, nadai Inspekta astaafishwe. Ikishindikana, ahamishiwe Långevik, ng'ambo ya ghuba, ambako watu wana nyuso za kushukiwa tayari. Ikishindikana hata hilo, afe; ila afie mbali, asije akaongeza hesabu yetu. Tena kila kitabu kilichokwisha kuuzwa kiongezewe ukurasa unaotamka kwamba marehemu wote thelathini na mmoja ni wazima, kwamba wanajuta kwa usumbufu, na kwamba shule ya Skarvhult ina walimu wazuri na uwanja mkavu.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mwandishi, ambaye natumaini mama yake alimpenda. Birger anakusalimu. Mchungaji anakuombea. Asta anakusalimu pia, ingawa si kwa moyo.

Ni mimi, niliye hai hadi sasa,

Valfrid Ahlgrund

Nyongeza: Nilikuwa nikitafuta stempu simu ilipolia. Alikuwa Ylva Brolin.

"Mzee Valfrid, tuwie radhi kwa jinsi tulivyoondoka. Tulishtuka tu. Sasa watoto hawataki kusikia nyumba nyingine. Tuva anasema hawezi kuishi mahali ambapo hapajawahi kutokea kitu."

Wanatia saini Jumatatu, na watoto wote watatu wataandikishwa. Asta analia jikoni, safari hii kwa furaha. Nilisikia mume wa Ylva akisema kwa nyuma, "Muulize kwanza kama Inspekta bado yupo kazini." Mimi, niliyewaadhibu watoto wa kijiji hiki kwa kusema uongo, nilijibu kwamba ana afya njema na kustaafu hakumo kabisa katika mawazo yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali yasahau yote niliyoandika hapo juu. Jambo moja tu limebaki. Tuva ameuliza ni nani aliyeuawa katika nyumba ya Gerda, na katika vitabu vyote tisa hakuna hata mmoja. Nyuma ya nyumba hiyo pana banda la kuni linalofaa kabisa. Ikiwa mwandishi hana mtu, mimi niko tayari kufa humo, ilimradi nipatikane kabla shule haijafunguliwa.