Gari Dogo, Milango Miwili

Ndugu zangu wa Kihesa,

Nimeaibika leo, tena mchana kweupe, mbele ya wanakwaya. Ninawaandikia kabla matope hayajakauka kwenye suruali yangu, kwa kuwa najua habari za namna hii hufika Iringa kabla ya basi, na ningependa mzipate kwangu zikiwa na mpangilio.

Shida yangu mnaikumbuka. Shule ninayofundisha iko Mbeya mjini. Nyumba yangu iko uani kwa Baba, maili ishirini na moja kutoka hapo, ng'ambo ya mlima. Kwa miaka minne nimekwenda na kurudi juu ya malori ya viazi. Wanafunzi hunitambua kwa harufu kabla sijaingia darasani. (Mmoja aliandika katika insha yake kwamba mwalimu ni mtu anayenuka udongo. Nilimpa alama zote. Sentensi haikuwa na kosa.) Ndiyo maana mliponiarifu kwamba Bwana Nurali, mwenye duka la vitambaa pale Mlandege, anauza gari lake dogo, zima, lisilokunywa petroli ovyo, nilishika kalamu siku hiyohiyo.

Nilimpelekea maswali kumi na saba. Niliuliza habari za breki, matairi, betri na radieta. Niliuliza linakunywa kiasi gani likipanda na kiasi gani likishuka. Niliuliza hata kama honi yake husikika katika ukungu. Alinijibu yote, moja baada ya jingine, kwa mwandiko wa kupendeza. Habari za milango sikuuliza. Nani huuliza habari za milango?

Leo saa tatu asubuhi Bwana Nurali aliingia uani kwetu na gari lake. Makubaliano yalikuwa mepesi: saa tisa alasiri anarudi Iringa. Tukiafikiana, atapanda basi. Tusipoafikiana, ataondoka na gari, maana karani mmoja wa huko analingojea kwa hamu. Na kuafikiana hakukuwa kwangu peke yangu. Baba alikwisha kutamka: "Ng'ombe watakaouzwa ni wangu. Gari nisilolipanda mimi halilali katika ua huu." Baba ni mtu ambaye hata jembe halinunui mpaka aligonge na kulisikiliza. Mke wangu naye, Mama Lusekelo, alitaka kulipanda kwanza, kwa hoja kwamba kahawa iliyouzwa mwaka huu aliichuma yeye. Hoja hiyo sikuweza kuipinga.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Ninyi wa Iringa mna namna zenu za kuwaheshimu wakwe. Kwetu Wanyakyusa mkazamwana hamwangalii baba mkwe, wala baba mkwe hamwangalii mkazamwana. Hawaketi nyumba moja. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia vichakani mpaka mzee apite. Twaita *ukutila*, na maana yake ni hofu ya heshima. Tumebatizwa, ni kweli, na kanisani Baba na Mama Lusekelo wanaimba zaburi moja. Lakini mmoja huimbia upande huu na mwingine upande ule, na nguzo i katikati.

Kwa hiyo nilipanga. Niliandika katika daftari: "Saa nne, Mama Lusekelo. Saa saba, Baba." Nilikausha tangi, nikamimina robo galoni kwa kipimo, Bwana Nurali akishuhudia, nikanakili maili zilizosomeka. Mpango ulikuwa safi. Ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba Baba hana saa.

Tukaondoka. Mimi kwenye usukani, Bwana Nurali kando yangu, Mama Lusekelo nyuma. Kuingia nyuma kulikuwa kazi, kwa sababu gari lina milango miwili tu, yote ya mbele. Anayekwenda nyuma sharti kiti cha mbele kikunjwe, kisha ajikunje na yeye.

"Baba Lusekelo," alisema kutoka humo ndani, "hiki ni kiti au ni kapu la kuku?"

"Ni kiti cha nyuma."

"Basi nimewekwa akiba."

Bwana Nurali alicheka mpaka akajipiga paja. "Mama, Iringa nilibeba majora kumi na mbili hapo! Hakuna hata moja lililolalamika!"

Tuliteremka hadi darajani, maili tatu. Ndugu zangu, gari lile ni zuri! Lilishuka kama maji. Darajani dada yake Mama Lusekelo alituchelewesha kwa maongezi ya saa nzima, akatupatia mkungu wa ndizi, nao ukawekwa nyuma. Nikageuza. Nikasoma maili. Nikaandika. Hesabu zilinipendeza hata nikaanza kupiga mluzi. (Mimi! Mluzi!)

Chini kabisa ya mlima, penye kona, alisimama mzee mwenye koti refu, kofia na mkongojo, mkono mmoja juu.

Alikuwa Baba. Alichoka kungoja, akateremka kulifuata gari lake.

Pimeni hali yangu. Kumpita baba yako akiwa ameinua mkono, hilo halifanyiki. Kusimama, hilo nalo halifanyiki. Miguu yangu iliamua kabla ya kichwa: ikakanyaga breki. Nyuma yangu nilisikia mchakacho mfupi. Nilipochungulia kwenye kioo, Mama Lusekelo hakuwepo. Kulikuwa na blanketi la safari la Bwana Nurali sakafuni, limetuna, na juu yake mkungu wa ndizi, umetulia kabisa.

Asingeweza kutoka, mnaelewa. Mlango mmoja niliuziba mimi, na wa pili Baba alikuwa amekwisha kuushika kwa mkono.

"Mugonile, tata," nilisalimu, sauti ikiwa nyembamba kuliko nilivyokusudia.

"Ndaga, mwanangu. Mbona mmekawia?"

Nikafungua kinywa niseme "Baba, ngoja kidogo." Bwana Nurali, mtu wa adabu kupita kiasi, alinitangulia.

"Shikamoo, Mzee! Karibu mbele! Mimi kijana, nakaa nyuma." Akaruka nje, akakunja kiti, akajipenyeza, magoti yakagusa kidevu. Nilimwona akiweka mguu juu ya blanketi, akiuondoa upesi, akitoa macho. Nikatikisa kichwa kidogo tu. Alielewa kwamba kuna siri, ingawa hakuelewa siri gani. Biashara ilikuwa biashara; akanyamaza.

Baba akaketi. Akagonga dirisha kwa kidole. Akasikiliza.

"Tuko wangapi humu?"

"Watatu, Baba."

"Na hicho nyuma?"

"Ndizi."

(Naapa sikudanganya. Nilijibu sehemu ya swali.)

Tukaanza kupanda. Gari lile lilijitahidi kiungwana. Lakini mlima ule mnaujua, na ndani tulikuwa watu wazima wanne na mkungu. Nikatia gia ya pili. Likakohoa. Nikatia ya kwanza. Likaguna. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni kichwani alitembea sambamba nasi kwa kitambo, akatusalimu, akatupita.

"Mwe!" alisema Baba. "Watu watatu na ndizi tu, nalo linahema hivi?"

"Mlima ni mkali, Baba."

"Mlima naujua, ni wangu. Nikitia mbuzi je? Nikitia gunia la mahindi?"

"Mzee," alidakia Bwana Nurali kutoka magotini mwake, "gari yangu ina nguvu sana! Leo tu ina... ina..." Akanitazama kwenye kioo. Nilimtazama. "Ina mafua," akamaliza.

Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mwanangu, nilitaka ulipate. Nilikuwa nimekwisha kumchagua fahali. Lakini hili ni dhaifu. Mgeni arudi nalo."

Sasa tazameni mtego, kwa kuwa ni mzuri, na kama ungekuwa wa mtu mwingine ningeufundisha darasani. Kulitetea gari, sharti niseme tuko wanne. Kusema tuko wanne ni kumwambia Baba kwamba mkazamwana wake yu shubiri mbili kutoka kisigino chake. Nikinyamaza, heshima inapona na gari linakwenda kwa karani. Niliyaona malori ya viazi yakinijia katika mstari mrefu, mwaka baada ya mwaka, hadi kustaafu. Nikanyamaza. Bei ya adabu ndiyo hiyo, nikajiambia, na macho yakaniloa kidogo.

Baba, akiwa amekwisha kutoa hukumu, alitoa kopo lake la ugoro. Dirisha lake lilikuwa wazi. Alipokifungua kifuniko, upepo uliingia, ukachukua chake, ukaenda nyuma.

"Chya!" ulisema mkungu wa ndizi.

Baba akafunika kopo.

"Samahani, Mzee!" akasema Bwana Nurali upesi. "Mimi. Mafua. Nilisema mafua."

"Ulisema gari ndilo lenye mafua."

"Limeniambukiza."

"Nawe wapiga chafya kwa sauti nyembamba hivyo, bwana mkubwa mzima?"

"Ndiyo, Mzee, katika ukoo wetu sisi sote tangu zamani hu—"

"Chya!" ulisema mkungu, katikati kabisa ya neno lake. Kisha, kwa msisitizo: "Chya!"

Ndizi moja ilibingirika, ikagota kiatu cha Baba.

Baba hakugeuka. Hilo nitalisimulia kwa wajukuu: hakugeuka hata kidogo. Aliishusha kofia mpaka puani, akanyoosha mkono mbele yake kama kipofu, akasema neno moja.

"Simama."

Nikasimama. Akafungua mlango, akatoka akiwa amefumba macho, kwa hatua ya fahari kabisa, moja kwa moja ndani ya mfereji. Maji ya magoti! Nikaruka kumfuata, nikaingia na mimi. Na wakati uleule, kwa kuwa dunia haiachi jambo lipite bila mashahidi, kwaya ya akina mama ilikuwa ikishuka kutoka mazoezini.

"Mwe! Gari limemtema mzee!"

"Na mwalimu limemtema!"

"Lina nini ndani?"

Wakachungulia. Ndani walimwona Mhindi mmoja aliyejikunja, akipepea blanketi lililokuwa likipiga chafya. Wanyakyusa wote wale, hawakuhitaji kuelezwa. Nyimbo zote za kwaya ile sijapata kuzisikia zikiimbwa kwa pumzi kubwa kama kicheko kile.

Baba alisimama mferejini, mgongo kwa gari, akakung'uta kofia.

"Mwalimu!" Huniita hivyo anaponihukumu.

"Naam, Baba."

"Humo ndani tulikuwa wangapi?"

"Wanne, Baba."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

"Na mlima ule wote limeupanda?"

"Limeupanda."

Akafikiri. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye koti. "Basi gari ni zima," akasema kwa sauti iliyoifikia kwaya yote. "Kibovu ni dereva. Linunue."

Bwana Nurali alipiga makofi kutoka nyuma. Blanketi nalo, nadhani, lilipiga makofi.

Ningeishia hapa, nanyi mngeridhika. Lakini ilibaki maili moja na nusu kufika nyumbani, na Baba alikataa katakata kupanda tena. Alishika njia kwa miguu, katikati ya barabara, mkongojo kwa mkongojo. Mnaona shida iliyobaki? Kumpita ni kumpitisha mkazamwana mbele ya macho yake. Barabara ni moja. Njia ya pembeni hakuna, na Mama Lusekelo alikataa kushuka mbele ya kwaya. Kwa hiyo nilimfuata. Gia ya kwanza, hatua kumi nyuma yake, maili moja na nusu, taratibu kama mazishi, kwaya ikinifuata mimi nayo ikiimba. Mama Lusekelo sasa alikuwa mbele, kando yangu, kanga imemfunika hadi kidevuni, mabega yakimtikisika.

"Baba Lusekelo," alisema chini ya kanga, "andika katika daftari: likipanda, maili kadhaa kwa galoni. Likimfuata baba mkwe, galoni kadhaa kwa maili."

Alisema kweli. Hatua hamsini kabla ya ua, robo galoni yangu iliyopimwa kwa uangalifu iliisha. Akina mama walitusukuma. Tulipoingia, Baba alikuwa amekwisha kufika, amebadili koti, ameketi kwenye kigoda chake, mgongo kwetu, anakunywa maziwa.

Nimenunua gari la kasi na lisilotumia petroli ovyo, ili nisichelewe tena. Siku ya kwanza limenifikisha nyumbani nyuma ya mzee wa miaka sabini na kitu mwenye mkongojo, tena kwa kusukumwa.

Bwana Nurali amepanda basi la saa tisa. Mtamwona Mlandege kabla ya barua hii, na najua atawasimulia kwa mikono na miguu. Mwaminini kwa kila jambo isipokuwa pale atakapodai kwamba nililia. Nami nawaomba, kwa usuhuba wetu wa miaka yote, muisome kimya, kila mtu peke yake. Nitakuja Iringa na gari likizo ijayo, na atakayecheka atazungushwa mji mzima kwenye kiti cha nyuma, chini ya blanketi, akishika ndizi.