Niliwajibu Wote kwa Heshima

Jumatatu, 1 Machi 1999

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Mimi nafurahi takataka zinapoingia. Bwana Ildefonce, mkuu wetu wa ofisi, anasonya. Omega anasonya. Na mimi nasonya, nisionekane mshamba. Lakini moyoni nafurahi. Kila moja inaanza kwa kuniita Rafiki Mpendwa. Tangu nimalize kidato cha nne hakuna aliyeniita hivyo. Waliokuwa rafiki zangu nikikutana nao sokoni wananiuliza matokeo tu.

Nieleze vizuri, maana shajara hii ni mpya na haijui kitu. Niko kwenye majaribio katika ofisi ya mradi wa mbegu za mpunga hapa Ifakara. Omega naye yuko kwenye majaribio. Kompyuta ni moja na kiti chake ni kimoja. Mwisho wa mwezi mmoja wetu atabaki na mwingine atashukuriwa. Kazi yetu ni imeili. Asubuhi kompyuta inapiga simu Dar es Salaam, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa, halafu barua zinashuka moja moja, polepole kama mgonjwa kwenye ngazi. Zikiisha ndipo tunaona: moja ya mfadhili wetu wa Ulaya, zilizobaki zote takataka. Dawa za kupunguza unene! Huku Ifakara, tena miezi hii ya kungojea mavuno! Viwanja vya kujenga Florida. Utajiri bila kutoka jasho. Na muda wote huo simu imeshikwa, hakuna anayeweza kutupigia.

Leo Bwana Ildefonce ametuita. Amesema bili ya simu inamla nyama. Atakayekomesha takataka, kiti ni chake. Omega akanitazama kama mtu anayemtazama kuku wa sikukuu.

Kiti kile nakitaka. Omega ana kaka kule Kidatu, kwenye miwa, atamtafutia kazi. Mimi nina mama na jembe.

Jumanne, 2 Machi

Nimepata njia! Omega anazifuta bila hata kuzisoma. Tatizo liko hapo hapo. Mtu amekuandikia, amekuita rafiki, wewe unamnyamazia. Lazima arudie! Jaribu kumpita bibi yeyote bila shikamoo, atakuita mpaka nyumba ya tatu. Hawa watu si wabaya. Wanasubiri jibu.

Omega akienda kula nitawajibu wote.

Jioni. Nimewajibu. Kiingereza changu nimekipitisha kwenye kamusi. Kwanza nimewasalimu, nikauliza hali ya familia na mazao. Nikasema sisi wazima, mvua inanyesha, mto umejaa, Wasukuma wamehamishia ng'ombe sehemu za juu. Ndipo nikaomba kwa unyenyekevu wasituandikie tena, si kwa ubaya. Chini nimeweka jina langu kamili, jina la ofisi, simu na faksi, maana barua isiyo na anwani ni ya mwoga. Wa dawa ya unene nimemwandikia ndefu zaidi. Alionekana mwenye huzuni.

Alhamisi, 4 Machi

Balaa! Jana palikuwa kimya, nikatembea ofisini kifua mbele. Leo modemu imelia mpaka chai ikapoa. Wamekuja na ndugu zao! Na sasa hawasemi Rafiki Mpendwa. Wanasema Mpendwa Fausta. Omega amelisoma jina langu kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akaniuliza, "Wee Fausta, umewagawia kadi za harusi?" Nikasema labda wamesikia sifa za mradi. Bwana Ildefonce akatoka na kikombe chake, akataka kujua kwa nini mtu wa Florida anamfahamu msichana wa majaribio na hamfahamu mkuu wa ofisi.

Kinachoniuma zaidi sicho hicho. Hakuna hata mmoja aliyejibu salamu. Hata mmoja! Nimeulizia watoto wa watu nisiowajua, mimi ambaye hata padri namsalimu kwa kunong'ona.

Ijumaa, 5 Machi

Mpango wa pili. Chini kabisa ya takataka kuna maneno madogo madogo. Usipotaka barua zetu, yanasema, tutumie anwani yako tukuondoe. Kumbe ni watu wa utaratibu! Nilikosea mlango tu. Nimewaandikia upya, anwani nimeitaja vizuri, herufi kubwa. Kwa uhakika zaidi nimewaomba waiondoe na ile namba ya faksi, nikaitaja tena wasije wakaondoa ya mtu mwingine.

Jumatatu, 8 Machi

Faksi imeanza. Karatasi ilikuwa inatoka mwisho wote wa wiki, ofisi imefungwa. Ikateremka mezani, ikavuka sakafu, ikaingia chini ya kabati. Viwanja, dawa, na safari za meli ya starehe. Dirisha linatazama bahari, chakula bila kikomo. Karatasi yote ya faksi imekwisha. Bwana Ildefonce ameikunja kama mkeka, taratibu. Afadhali angefoka.

Omega amesema tusiitupe, itafaa kufungia karanga. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya dada mkubwa kwamba ukimjibu mtu wa namna ile anajua nyumba ina watu, ndipo anagonga zaidi. Nani kamwuliza? Anataka niache ili kiti kiwe chake. Naona yote.

Jumanne, 9 Machi

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro. Nimesoma kitabu cha maelekezo kilichokuja na kompyuta, ambacho wenzangu wanawekea vikombe. Ndani ya programu ya barua kuna chujio. Unaipa kompyuta majina ya watu unaowajua. Wengine wote inawatupa huko huko Dar es Salaam, hawapati hata nauli ya kuja. Kama mlinzi wa getini! Nimeandika wote: yule bwana wa mfadhili anayetuandikia kila mara, wakala wa mbegu wa Morogoro, mhasibu wetu. Nimekagua, nikakagua tena. Hakuna mgeni atakayepita.

Alhamisi, 11 Machi

Kimya! Modemu imelia kidogo ikanyamaza. Barua moja tu, ya wakala. Bwana Ildefonce amepiga makofi. Ameniita binti yangu mbele ya Omega! Halafu akampigia simu shemeji yake wa Kidatu bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kukuta laini iko wazi.

Omega alikaa anakata kucha. Mwishowe akauliza, na akiandika mtu mpya je? Nikamwuliza watu wapya wa nini. Akasema, "Haya, mama mlinzi." Wivu mtupu. Kiti nimeshakikalia. Kinazunguka.

Nikiri kwamba asubuhi ilinikalia vibaya kidogo. Hakuna aliyeniita Mpendwa. Lakini kazi ni kazi.

Jumatatu, 15 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Kabla ya chai, lori la soda kutoka Kidatu limesimama mbele ya ofisi. Juu ya makreti alikuwa ameketi mama wa Kizungu, mtu mzima, matope mpaka kiunoni, sanduku mapajani. Akashushwa. Akatuamkia shikamoo, sisi tunaolingana na wajukuu zake. Tukashindwa kuitikia. Akajitambulisha. Yeye ndiye mwakilishi mpya wa mfadhili. Yule bwana tuliyemzoea amestaafu. Ameandika kusema anakuja. Ameandika kuomba gari limpokee Mikumi. Ameandika tena kuuliza kama barua zake zinafika. Hakujibiwa hata salamu, alisema, na hilo la salamu akalirudia.

Uchungu ule naujua! Nilitaka kumwambia kwamba naujua.

Bwana Ildefonce alikuwa uani na kaptula, anamenya miwa. Akaja mbio, panga bado mkononi. Mgeni akarudi nyuma mpaka kwenye tairi la lori. Akauliza gari la mradi liko wapi. Gari la mradi lilikuwa limepeleka mbao za mkwe wa Bwana Ildefonce. Nalo hilo likajulikana leo leo, maana dereva alirudi dakika ile ile, ubao mmoja umesahaulika juu.

Omega alileta maji ya kunawa. Alileta chai. Alileta kile kiti kinachozunguka, mgeni akakalia. Kisha akafungua chujio akawaonyesha majina. Akasema jina la mgeni halimo. Hakusema nani aliyeyaandika. Alinitazama tu, na wote wakafuata macho yake.

Jumatano, 17 Machi

Nimeshukuriwa. Hata mwisho wa mwezi haukungojewa. Bwana Ildefonce alikuwa anaongea na dirisha. Alisema mimi ni mtoto mwenye adabu sana, na adabu ya namna hii ingefaa zaidi mahali pasipo na umeme.

Kiti ni cha Omega. Na njia yake ni ipi? Anazifuta bila kuzijibu! Anwani ya ofisi hampi mtu asiyemjua! Akimwona mgeni anatazama kichwa cha barua kwanza kabla ya kumtupa! Basi! Takataka bado zinakuja, chache, lakini zinakuja. Kwa hiyo hajakomesha! Hilo nililisema waziwazi. Nililisema nikiwa nje ya geti, na hakukuwa na mtu.

Omega alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Akasema, "Mdogo wangu, wale si watu, ni mashine zinaandika. Mashine haina mama wa kusalimiwa." Nikamwambia asante. Moyoni nilimwambia mengine.

Jumapili, 21 Machi

Mjomba Gosbert, kaka yake mama, amekubali kunichukua kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini. Naandika magunia yanayoingia. Nina pumba mpaka kwenye nyusi. Kompyuta hana. Ana sanduku la posta, na analipenda kuliko mashine yenyewe. Ufunguo wake anauvaa shingoni pamoja na rozari.

Nimefikiri sana wiki hii, kwa haki, bila kujipendelea. Kosa langu nimeliona. Halikuwa kuwajibu. Lilikuwa imeili. Imeili haina mwandiko, haina stempu, mtu ataonaje aibu? Zile karatasi za faksi niliruhusiwa kuondoka nazo, na chini kabisa kila mmoja ameweka anwani ya posta. Ya kweli, yenye mtaa na mji. Mashine haina mtaa! Kwa hiyo nimewaandikia kwa mkono, kalamu ya bluu, mistari imenyooka. Nimewasalimu upya. Nimewaeleza yaliyonipata ili wajue wamemwumiza nani. Nimewaomba wanijibu mara moja tu, waseme pole, tuachane kwa amani. Na ili majibu yasipotee njiani, kila barua nimeiwekea namba ya sanduku la mjomba. Wale wa meli nimewaongezea na la parokia, kwa usalama.

Nimezitumbukiza leo baada ya misa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba sana. Mjomba akienda posta akakuta sanduku halifungi, wewe hujui kitu. Padri naye akiuliza ni nani parokiani anayetaka chumba chenye dirisha la bahari, hujui kitu. Iwe siri yangu na yako.