Mama Mkwe Anavuka Barabara ya Ngong

Jumatatu, 4 Juni 1973

Leo nimesimamisha Benzi! Nyeusi, inang'aa, ya mtu mkubwa kabisa, maana dereva alivaa kofia. Nikaingia kwenye zebra, ile mistari ya kuvukia, nikainua kibao changu cha SIMAMA, nayo ikasimama. Mwenyewe kule nyuma alishusha gazeti kunitazama. Mimi, Isaiah Were, kijana wa Kimilili! Nikawaambia watoto wa shule wavuke polepole, hakuna haja ya kukimbia. Benzi ilingoja.

Habari nyingine. Ijumaa ofisa wa barabara anakuja kuamua nani atakayekabidhiwa kibao moja kwa moja, maana mpaka sasa niko kwenye majaribio. Mwalimu mkuu, Bi. Waceke, anasema tumeomba wawili: mimi na Thuo, askari wa geti la shule. Thuo! Mtu ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga. Nilimcheka mbele yake. Yeye hakucheka.

Jioni mke wangu Rael akaniambia mama yake amefika Nairobi kumwona mjukuu. Amefikia Kileleshwa kwa mpwa wake Ogutu, mpishi. Kulala kwetu hawezi, mila haikubali. Nimefurahi sana. Huko nyumbani amekuwa akisema binti yake aliolewa na mtu wa kusimama barabarani. Basi aje aone ninavyosimama. (Jina lake siliandiki hata humu. Adabu.)

Jumanne, 5 Juni

Balaa!

Asubuhi, watoto wako katikati ya Barabara ya Ngong, mimi na kibao juu, naona kitambaa cha kijani kinakuja kutoka upande wa Kileleshwa. Mama Mkwe! Anaelekea kwetu Jamhuri, na njia yake ni zebra yangu. Sikuwa nimeliwaza hilo. Kwetu mtu hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia majanini mpaka apite. Miguu yangu haikuniuliza. Nilitupa kibao nikaruka ndani ya ua wa kayaba. Kayaba ina miiba mirefu kama kidole.

Humo ndani nikasikia honi, breki, watoto wanapiga kelele. Kisha sauti ya Thuo, ametulia kama kasisi. Alikuwa ameokota kibao changu! Akavusha watoto, akamvusha na Mama Mkwe. Bi. Waceke akampigia makofi. Nilipotoka aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nakagua ua. Akasema nikague barabara.

Jioni Rael akaniambia mama yake ameniona kazini (alitambua ni mimi alipokwisha kuvuka) na amefurahi mno, ila hakujua mimi ni mrefu hivyo. Mimi si mrefu. Nikaelewa mara moja. Siku ya harusi yetu nilijificha nyuma ya nguzo ya kanisa kila alipopita, kwa hiyo sura yangu haijui. Amemdhani Thuo ndiye mimi!

Jumatano, 6 Juni

Nimeamka na akili. Kibao kile ni kipana. Akija Mama Mkwe, nitakishusha mbele ya uso wangu. Sitamwona, hataniona, na barabarani nitabaki. Nimetii serikali na mila kwa mpigo mmoja. Nani mwingine Nairobi angefikiria hivyo? Nilitembea kwenda kazini nikijipongeza.

Akaja. Nikashusha kibao. Kumbe ukikishusha, madereva hawaoni maandishi, na wewe huoni madereva. Nikapiga hatua kwenda mbele, nikakutana na Volkswagen. Haikunigonga, ilikuwa imesimama. Mimi ndiye niliyeigonga. Ndani yake alikuwa Bi. Waceke. Aliuliza mbele ya watoto kama nimekunywa, na saa hizi ni asubuhi. Nikamjibu nyuma ya kibao kwamba sijaonja kitu tangu Krismasi. Thuo alikuwa akicheka huku ameshikilia geti lake asianguke.

Jioni Rael akasema mama anauliza yule mfupi aliyegonga gari kwa kibao ni nani. Nikamwambia Rael amjibu kuwa hatumjui.

Alhamisi, 7 Juni

Mpango wa leo ulikuwa safi, wasioelewa waulaumu utekelezaji. Ikiwa Mama Mkwe anaamini Thuo ndiye mimi, basi Thuo awe mimi! Nitamwazima koti na kofia na kibao kwa dakika chache tu. Akija mama, Thuo atafanya kama mkwe mwenye heshima: atainamisha kichwa, ataacha njia, ataingia kayaba. Sifa zitakuwa zangu, miiba itakuwa yake. Nilimweleza taratibu, kama mtoto. Akakubali haraka. Ningeshtuka hapo, lakini mimi huwaamini watu. Ni tabia yangu nzuri.

Nilitazama kutoka nyuma ya kibanda cha chai. Mama Mkwe akatokea. Akamwona Thuo, akajifunika uso kwa leso, akaanza kugeuka pembeni kama inavyotakiwa. Na Thuo je? Thuo akamfuata! Akachukua kikapu chake, akamshika MKONO, akamvusha barabara nzima akimwambia, "Karibu Nairobi, mama. Usiogope, mimi niko." Mama Mkwe alipiga ukemi uliosimamisha magari kuliko kibao chochote. Bi. Waceke kutoka getini akasema huyo ndiye mtu mwenye huruma kwa wazee.

Nilimkaripia Thuo. Akanijibu eti kwao mzee husaidiwa, hakimbiwi, na kwamba koti limemkaa vizuri.

Jioni nyumbani hakuna chakula. Rael amelia. Mama amelia. Mama anasema mkwe aliyemshika mkono ni mkwe gani huyo, Jumapili anarudi nyumbani na Rael anaondoka naye, mpaka wazee wakae. Nikaona sasa nimebanwa. Nikamwambia Rael ukweli wote: aliyemshika ni Thuo, mimi ni yule mfupi. Rael alinipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema, "Were, wewe ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia nitamwonyesha kesho. Akaenda Kileleshwa kumweleza mama yake. Akarudi na jibu moja: kesho atakuja kunitazama mwenyewe. Nikikosa adabu tena, anamchukua binti yake.

Ijumaa, 8 Juni

Siku kubwa. Nilipiga pasi koti mara mbili. Nampenda Rael, na nakipenda kibao, naandika bila aibu. Niliapa sitatoroka.

Ofisa, Bwana Mungai, alisimama getini na Bi. Waceke. Watoto wakaja, nikainua kibao, magari yakasimama pande zote, nikawavusha bila dosari. Bwana Mungai akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona! Ndipo nikaona na kitambaa cha kijani.

Sikuruka. Nikaganda pale pale, macho juu mbinguni, kibao juu, nikingoja avuke. Nikangoja. Hakuvuka! Sasa alikuwa amejua mimi ni nani, na mila inamfunga yeye kama inavyonifunga mimi. Hawezi kukanyaga njia aliyosimama mkwe wake. Alikuwa ameingia kwenye majani marefu ng'ambo ya barabara, amejifunika leso, anangoja mimi niondoke. Nami nangoja yeye apite.

Magari yakajaa upande wa Dagoretti. Yakajaa upande wa mjini. Basi, lori la maziwa, Peugeot zisizo na idadi. Honi! Madereva wakatoka kunitukana kwa lugha zote za Kenya. Mimi kibao juu. Mkono uliniuma mpaka begani. Bwana Mungai akaja mbio kuniuliza namngoja nani. Nikamwambia kuna mama anataka kuvuka. Akauliza mama yupi, pale kuna majani tu. Majani yakakohoa.

Akaniamuru nitoke barabarani. Nikamkabidhi kibao kwa heshima, nikamsihi asiyaruhusu magari kwanza, nikatembea mwenyewe, mbele ya umati wote, mpaka ndani ya kayaba. Ndipo Mama Mkwe akatoka majanini. Akavuka taratibu, kichwa juu, kati ya magari yote yale yaliyosimama, akiwapungia madereva mkono.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo. Thuo amepewa kibao. Mimi nimepewa geti.

Jumamosi, 9 Juni

Ogutu amekuja na kuku kutoka kwa Mama Mkwe. Kuku! Na maneno: anasema tangu azaliwe hajaona mkwe wa namna yangu. Mtu aliyefunga njia ya jiji zima kwa ajili yake, kisha akaingia kwenye miiba mwenyewe ili yeye apite kwa heshima. Rael haendi popote. Amenipikia ugali na yule kuku, na paja amenipa mimi. Nililila kwa fahari mpaka mfupa.

Habari za geti sijazituma Kileleshwa. Hakuna haraka.

Na si hivyo tu. Mama Mkwe anasema nyumbani hawatamwamini akiwasimulia. Kwa hiyo mwezi ujao anarudi Nairobi na dada zake wanne waje wajionee. Dada zake nao, kwa mila, ni mama wakwe zangu. Watano kwa pamoja! Nimeshapanga kila kitu. Thuo nitamwomba kibao kwa asubuhi moja tu, hawezi kukataa, tumekuwa kama ndugu. Nitasimama katikati ya zebra, koti limepigwa pasi, nao watavuka wote mbele yangu kwa mstari.