Siku Nilipomchoma Mjomba Soud

Jumamosi, 2 Novemba 2002. Ibra, Oman.

Joto. Ati huu ndio mwanzo wa baridi! Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka duka la kompyuta la Yaarub, nikaingia kwenye barza yetu ya mtandaoni. Humo tunazungumza majira ya mwaka na mila za Kiingereza. Mwenye barza ni Bi Doreen, mjane wa Leeds, mwanamke mkarimu, kila siku anatuarifu kwamba kwao mvua imenyesha. Miye mvua ya Leeds hainihusu ndewe wala sikio. Nimo kwa sababu Khulood yumo.

Khulood, mwalimu wa Kiingereza, ni binti wa mjomba Soud. Nimeshapeleka posa. Nadhir wa benki ya Sur naye kapeleka yake, hana haya. Mjomba kasema jawabu atalitoa Ijumaa.

Leo Nadhir kaandika kwamba Sur kuna manyunyu na yeye anatembea na mwavuli kama jentlmani. Manyunyu! Sur! Doreen kamsifu, Khulood kacheka. Kisha Doreen akaniuliza miye kwetu kuna majira gani. Nikajibu manne, kama kwao: joto, joto kali, joto la tende, na joto lililobakia. Hakucheka mtu.

Jumapili, 3 Novemba.

Nimepata! Doreen kaeleza kwamba zamani mtu mmoja alitaka kumripua mfalme na bunge lake. Basi mpaka leo, kila tarehe tano Novemba, Waingereza hutengeneza sanamu la mtu, wakalivika nguo kuukuu, wakalitia moto. Watu hula viazi na kufurahi. Khulood kaandika kwamba angependa kuiona mila hiyo kwa macho yake.

Angependa kuiona! Nadhir ana mwavuli, miye nitakuwa na moto. Nimetangaza pale pale: Jumanne, magharibi, uwanja wa nyuma ya kwetu.

Jumatatu, 4 Novemba.

Mwili tayari: makuti makavu na magunia. Nguo ndiyo iliyonitaabisha. Mama kaninyima hata tambara la kupigia deki, akaniuliza nimeingiwa na nini. Lakini bahati yangu ipo. Mjomba Soud kanikabidhi furushi la nguo zake za zamani nikawape maskini kabla ya Ramadhani. Nimeazima kanzu moja tu, dishdasha yake, na kile kilemba chake cha zambarau ambacho Ibra nzima inakijua. Maskini hawatajua.

Sanamu limesimama vizuri mno, hata tumbo limetoka. Jioni Mama kapita, akaliamkia, akalikaribisha kahawa, akanung'unika kwamba kakaake siku hizi ana kiburi, hajibu. Nimefurahi sana. Kumbe nina mkono wa fundi!

Jumanne, 5 Novemba.

Lahaula!

Nilisahau jambo moja tu. Leo watu walikuwa wanatafuta mwezi wa Ramadhani. Mtaa mzima ulikuwa juu ya madari, na mjomba Soud juu ya dari lake na darubini. Miye chini, na kiberiti. Makuti yakashika mara moja. Mjomba akageuza darubini aone moto wa nini, akajiona mwenyewe anaungua. Dishdasha yake. Kilemba chake. Tumbo lake.

Watu wakaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Moshi ukafunika upande wote wa magharibi, na mzee mmoja akalalamika kwamba mwezi alikuwa karibu auone. Nikawaeleza kwamba hii ni mila ya Kiingereza. Wakazidi kusoma.

Jumatano, 6 Novemba.

Mjomba kaamka na homa. Mafua hayo! Lakini Ibra nzima inasema ni sihiri, ati nimemroga, na sheikh kaletwa kutoka Mudhaibi kumsomea.

Muuza mkate kanipa mikate bure, akaniomba nisimtazame sana. Jirani anayeegesha gari mlangoni petu miaka yote leo kaliondoa mbio. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Alasiri akaja mjumbe wa mjomba: Khulood ni wangu, mradi nisimchome tena. Nikaitikia kwa sauti nzito. Nina raha! Waingereza watu wa maana.

Alhamisi, 7 Novemba.

Khulood kaja kumwona Mama. Alipokuwa anatoka akanisimamisha mlangoni, macho mekundu.

"Baba halali kwa hofu, nawe unajua yale ni makuti. Nenda ukamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukenda, miye nitasema ndiyo."

Nikapiga hesabu. Mjomba akijua ni makuti, haogopi. Asipoogopa, huenda akabadili maneno. Nikamwambia Khulood nitamweleza baba yake baada ya harusi. Akarudi ndani mara moja, kisha akenda zake. Nadhani kaona hekima ya maneno yangu.

Pia kofia yangu ya lasi siioni.

Ijumaa, 8 Novemba.

Kofia imeonekana. Khulood katengeneza kisanamu chembamba, kakivika kofia yangu, kakichoma mbele ya baba yake. Wakanisubiri nianguke. Nami saa hiyo nikapita chini ya dirisha lao, mzima, nakwenda msikitini kusali magharibi. Mjomba akacheka mpaka homa ikamtoka. Aliyekuwa amekaa naye, akimshikia bakuli la supu ya futari, ni Nadhir, kaja mbio kutoka Sur.

Jawabu limetoka. Ni Nadhir.

Nimeumia. Nimelia chooni, nimefungulia bomba Mama asisikie. Angesema ndiyo. Aliniambia mwenyewe mlangoni.

Baadaye nikaingia kwenye barza. Doreen kanipa pole. Kasema nisihuzunike, majira ya kuchipua yatafika, na kuna mahala kwao watu huviringisha jibini kubwa kutoka juu ya kilima, wakalifukuzia mpaka chini, na anayelipata ndiye shujaa wa kijiji.

Harusi yao ni baada ya Hija. Nyuma ya nyumba ya mjomba kuna kilima. Jibini sina, lakini sinia la halwa ya harusi ni la duara, Khulood atakuwa anatazama, na Nadhir hawezi kukimbia.