Unga wa Ujana na Wifi Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Asubuhi nilikuwa nampima mteja kiuno, pini mdomoni, futi mkononi, moto ukanipanda kutoka kifuani hadi utosini. Jasho likaniingia machoni. Nikamchoma mteja pini. Alipiga ukelele ukasikika hadi kwa kinyozi. Nina miaka hamsini na moja, na huu ni mwezi wa saba sijaona siku zangu.

Wifi hakuinua hata kichwa. Ni dada wa mume wangu, tunashona chumba kimoja, cherehani yake inatazamana na yangu. Akasema yeye alikoma hedhi miaka miwili iliyopita na hakutokwa na jasho hata la kulowesha leso. Akaongeza kwamba kwake hachomwi mtu. Mteja akahamia kwake. Na kitambaa chake!

Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Redioni mtaalamu amesifu soya, ufuta na mbegu za maboga kwa wanawake wa rika letu. Amesema ni chakula kizuri. Hapo kwenye chakula sikusikiliza sana. Nimekaanga, nimesaga, moshi umejaa jikoni, mume wangu akauliza nani anaungua. Chupa moja ya mdomo mpana, karatasi, kalamu nyekundu: UNGA WA UJANA. Chini yake: Huondoa joto. Hurudisha yaliyopita. Hilo la pili limekuja lenyewe, lilisikika vizuri.

Shida ni wifi. Akiona nauza, atacheka, na mtaa mzima utacheka naye. Akiutumia yeye, nimeshinda. Lakini wifi hapokei kitu kutoka kwangu, hata maji. Basi sitampa. Nitauficha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeuficha nyuma ya majora ya vitambaa. Vibaya, kwa makusudi, shingo ya chupa ikichungulia. Kila nikilamba kijiko nampa wifi mgongo, halafu nasema "Aaah" kwa raha. Kumbe unakwama kooni kama vumbi la mbao! Nimekohoa mpaka machozi. Jioni nimechora mstari kwenye chupa kuonyesha unga ulipofika.

Jumamosi, 8 Machi
Umeshuka vidole viwili! Na wifi ana unga kwenye kola. Kwa furaha nimeunga mikono yote miwili ya blauzi upande mmoja.

Joto? Bado lipo. Mara nne leo. Hilo halimhusu mtu.

Jumatano, 12 Machi
Wifi amenivuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Amekiri kwamba anachota. Nikajifanya nimekasirika. Kisha akaninong'oneza, "Wifi, siku zangu zimerudi. Tangu jana. Kama msichana!" Akanishika mkono. Miaka kumi na tisa tuko ukoo mmoja, hajawahi kunishika mkono.

Zimerudi! Na mimi nilitia ufuta tu! Nimebandika karatasi mpya kwenye chupa: UMEJARIBIWA.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwa muuguzi, jirani yetu wa nyumba ya pili, nimwombe neno moja jema la kuweka kwenye chupa. Nikamsimulia habari za "mteja mmoja". Alikuwa anaanika shuka, likamponyoka. Akauliza huyo mteja alikoma lini. Nikamwambia miaka miwili. Akaongea taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aliyesogea karibu na kisima. Kwamba mwanamke akishapitisha mwaka mzima bila siku zake, kisha akaona damu, hata tone, huo si ujana. Apimwe. Huenda ni kitu kidogo. Huenda si kidogo. Asingoje.

Nimerudi kazini. Nimemkuta wifi anaimba, kapaka rangi ya mdomo.

Nimemwambia yote. Akanitazama juu mpaka chini, akasema ni wivu, nataka ujana wote uwe wangu. Nikaapa kwamba chupani hamna kitu zaidi ya soya, ufuta na mbegu za maboga. Akauliza basi kwa nini niliuficha.

Nikatia uzi sindano iliyokwisha kutiwa uzi.

Ijumaa, 14 Machi
Sikulala vizuri, na safari hii si joto. Ukweli umeshindwa, nimerudi kwenye kazi ninayoijua. Nimejishika kifua, nikamwambia wifi moyo unanienda mbio na naogopa kwenda hospitali peke yangu. Amenung'unika njia nzima, lakini mkoba wangu kaubeba yeye.

Mapokezi nikainama dirishani, nikamnong'oneza karani kwamba mgonjwa ni huyu aliye nyuma yangu, na kwamba anatokwa na damu ingawa alikwisha koma. Karani akapaza sauti, "Anayetokwa na damu ni yupi hapa?"

Mabenchi yote yakageuka. Nikamwona wifi uso umemwiva. Nikanyoosha mkono mimi.

Wifi akanitazama. Halafu akaushusha mkono wangu, polepole, akasema, "Ni mimi."

Wamempiga picha ya tumbo. Kuna kinyama ndani ya mfuko wa uzazi. Watakitoa wiki ijayo, kiende maabara. Na mimi wamenipima. Presha imepanda kweli!

Ijumaa, 28 Machi
Majibu. Si saratani! Wifi amelia, mimi nimelia, daktari akatafuta leso kwenye droo zote.

Ametwambia unga haukuleta damu ile, wala usingetibu kitu. Soya na ufuta tule kama chakula, pamoja na maharage, mboga za majani na samaki. Tupunguze chumvi, tutembee. Na kabla ya kumeza chochote cha chupa, tuulize. Joto langu nalo lina matibabu, nirudi tuongee. Wifi akamwambia daktari kwamba mimi ni mwongo kupindukia, na bila uongo wangu asingefika pale. Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu wa ukoo ule.

Karatasi nimezibandua. Unga uliobaki tumeupika uji, tumekunywa wote wawili. Nimeapa mbele yake: sitengenezi tena dawa maisha yangu yote.

Jumatatu, 31 Machi
Kuna jambo moja la daktari sikuliandika. Alisema kwa umri wetu mifupa inataka kalsiamu. Maziwa, akasema. Lakini ganda la yai je? Ganda zima ni kalsiamu! Na watu wanatupa! Asubuhi nimewazungukia wakaanga mayai watatu, nimerudi na gunia. Nimelitwanga nusu.

Hii si dawa. Niliapa kuhusu dawa. Haya ni maganda.

Jina nimeshapata: MIFUPA YA CHUMA. Mume wangu analalamika mgongo. Anaanza kesho, kwenye chai. Hajui bado.