Jinsi Venant Alivyoyateka Maziwa Mabichi ya Igoma

Saa moja asubuhi, mwezi Machi 1996, pumba za mahindi katika gunia la Teodora wa Igoma zilikuwa za kijani kwa kuvu. Enyi wenye masikio, sogezeni vigoda, kwani hapo ndipo vita vilipoanzia.

Tangu biashara iwe huria, kila mwenye stoo alikuwa muuza chakula cha mifugo, na kuvu nayo ilijitwalia uhuru wake. Sumu ya kuvu hiyo hutoka katika pumba, hupita tumboni mwa ng'ombe, hutokea katika maziwa bila kubadili rangi wala ladha. Na maziwa ya Teodora yalinywewa na mjukuu wake Odeta, aliyeachishwa ziwa karibuni. Ndipo akainuka Venant, Bwana Mifugo, simba wa majosho, mshika sindano asiyetetemeka, akaapa kufikisha maabara chupa moja ya maziwa mabichi ya ng'ombe yule, yasiyochanganywa na kitu.

"Shikamoo, mama. Naomba maziwa nikayapime."

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza."

Akaketi. Teodora akatoka jikoni na chai ya maziwa, imekolea sukari na tangawizi. Venant akaitazama kama jemadari aliyekuta daraja limevunjwa.

"Mama, nilitaka mabichi."

"Mgeni nimpe mabichi? Kwani wewe ndama?"

Akanywa, heshima ilimshinda nguvu. Kesho yake akasimama mlangoni, akahutubu: "Ee mama mwenye zizi! Sikuja kunywa, nimekuja kupima! Yasichemshwe, yasitiwe sukari, yasionjeshwe hata jani la chai!"

Akakabidhiwa chupa iliyojaa, nzito, nyeupe. Alikwisha kupanda baiskeli kwa fahari ya mshindi, sauti ya jirani Shigela ikavuka ua: "Bibi yake Odeta! Yale maziwa yangu yamemtosha mkubwa?"

Baiskeli ikasimama.

"Mama, umeazima maziwa?"

"Ya kwangu mepesi siku hizi, Bwana Mifugo. Serikali niipe maziwa mepesi, niaibike?"

Shigela akacheka hadi akaushika ua. "Omba uhamisho, Bwana Mifugo! Hapa umeshindwa na ukarimu."

Asubuhi iliyofuata shujaa hakubisha hodi mlangoni. Alikwenda moja kwa moja zizini, akakunja suruali, akachuchumaa mwenyewe chini ya ng'ombe. Teke la kwanza likaipeleka kofia yake kwenye samadi. Teodora akapiga yowe, "Jamani, mgeni anakamua!" Venant hakurudi nyuma, akakamua, akajaza, akakaza kizibo kwa kiganja kilichotapakaa mavi na utukufu.

Huko maabara, tone lililochujwa kutoka chupa hiyo likawekwa chini ya taa ya zambarau. Likang'aa buluu: sumu ilikuwamo.

Venant akarudi na habari. Teodora akamtazama Odeta. Kisha akaliburuta gunia mwenyewe hadi nyuma ya zizi, akaliwasha.

Basi na iandikwe katika tarehe za Igoma: siku hiyo gunia moja la pumba liliteketea lote, na Odeta akapewa uji wa mtama usio na maziwa, akaumaliza, akanyoosha kikombe aongezwe.