Meza ya Watu Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Nimempelekea binti yangu chuoni sweta aliyoisahau. Kusema kweli niliificha mimi, nipate sababu ya kuiona hiyo semina yao. Jamani. Chumba kidogo kama sebule yetu, meza moja, wanafunzi kumi wa mwaka wa kwanza. Mwalimu hana hata chaki. Anauliza swali, kisha ananyamaza. Mtu mzima na shahada zake, anawasubiri watoto wafikiri. Mwalimu wangu mimi alikuwa akisubiri na fimbo. Nimesimama dirishani hadi miguu ikafa ganzi.

Jumanne, 4 Machi
Binti amekiri. Tangu muhula uanze hajafungua mdomo, na nusu ya alama ni za kuzungumza. Akiendelea hivi, anafeli. Anasema kila akijiandaa, Kasuku kamuwahi. Kasuku ni yule mwenye miwani, anajibu kabla swali halijatua. Baba yake kasema nimwache mtoto akomae. Nimemjibu uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile yeye alikuwa nje ya wodi anakunywa soda.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: pipi za kunata, zile zinazogandisha taya. Nimemvizia Kasuku mlangoni, nikamjazia kiganja. Kaniita mama, kashukuru hadi nikaona haya. Lakini malezi ya watu haya! Kaingia, kagawia meza nzima, kaanza na mwalimu.

Nikakimbilia dirishani kwangu. Mwalimu akawahi kuuliza kama mtu anaweza kumsemea mwenzake. Taya zote zimegoma, ya mwalimu pia. Binti yangu peke yake hakula. Anazijua pipi zangu. Akatazama huku na huku. Akaanza, sauti inatetemeka, kisha ikanyooka. Alisema anayekupenda sana ndiye mgumu kumnyamazisha, maana anakusemea kwa huruma, hadi unasahau kuwa una sauti.

Mwalimu akainama, akayaandika maneno ya mtoto niliyemfunga nepi. Kumbe nimekuwa nikimfokea mtu mkubwa hivi kwa ajili ya vyombo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeyawaza maneno yake tangu alfajiri. Kweli tupu. Nimemwahidi sitamsemea tena maishani, tukakumbatiana, tukalia. Akanidokeza kwamba Jumatatu, akipata ujasiri, atamwomba mwalimu ruhusa ya kuandika insha juu ya jambo hilo. Nimemwona anaogopa.

Mchana nimepita chuoni, nikamwomba mwalimu mimi. Amekubali. Mtoto asije akahangaika bure.